Ukiandikiwa "contextualize" pembeni mwa ukurasa

Mtoto wa kaka yangu anasoma shahada ya uzamili, na utafiti wake ni wa vibarua wa mashamba ya katani huku kwetu Tanga. Juzi usiku kanitumia kwa WhatsApp picha ya ukurasa wake mmoja. Msimamizi wake kaukwaruza kwa wino mwekundu, na pembeni kaandika neno lilelile mara tatu: "Contextualize." Mara ya tatu kaongeza alama ya mshangao. Chini ya picha kijana akaandika: "Shikamoo shangazi. Huyu anataka nini?"

Kazi yangu ni kutafsiri. Mwaka wa kumi na nane huu nakaa na meza yangu barazani Ngamiani, nikigeuza ripoti za Kiingereza kuwa Kiswahili na za Kiswahili kuwa Kiingereza, na hicho kitenzi kimenilisha na kimenitia aibu pia. Nikamjibu kwa sauti, dakika kumi na moja. Akasema, shangazi, si bora ungeandika. Haya, nimeandika.

Kitenzi hiki maana yake ni kuleta kando ya jambo yale yanayolizunguka, ili msomaji alione lilivyo: lilitokea lini, baada ya nini, mahali gani, nani alisema na nani akiwa amesimama wapi. Neno la kushika hapo ni "kando". Unayoyaleta yanatoka nje ya jambo lenyewe, na hapo ndipo wengi wanapoteleza. Wakiambiwa "contextualize" wao husikia "eleza zaidi", basi hulikamua jambo lilelile mpaka likauke.

Nikuonyeshe kwa ukurasa wa kijana. Aliandika hivi: "Sisal production in Tanzania fell to about 20,000 tonnes in the late 1990s." Wino mwekundu ulipokuja mara ya kwanza, akaongeza: "This was a very low figure and it affected many people." Mara ya pili akaongeza sentensi nyingine ya kusema kwamba athari zilikuwa kubwa sana. Sasa soma kama mtu ambaye hajawahi kupita Korogwe. Tani elfu ishirini ni nyingi au chache? Ukiniambia mimi "very low" nitakuamini kwa sababu nimekulia huku, nimeona majumba ya makampuni ya katani yaliyobaki magofu na reli za shambani zilizomezwa na majani. Msomaji wa Oslo au wa Manila ana neno lako tu, na neno lako si kipimo.

Kinachokosekana ni mwaka 1964. Mwaka huo nchi ilizalisha takriban tani 230,000, na hakuna taifa lililotuzidi duniani. Kisha bei ikaporomoka, kamba za plastiki zikaingia sokoni, na mwaka 1967 mashamba mengi yakataifishwa. Ukiyaleta hayo kando ya zile tani elfu ishirini, huna haja tena ya kumwambia mtu kwamba ni chache. Nikamwandikia hivi: "In 1964 the country produced about 230,000 tonnes, more than any other in the world. By the late 1990s, after synthetic twine had taken much of the market and many estates had passed through state hands, the figure was about 20,000."

Angalia mambo mawili hapo. La kwanza, tarakimu ya kijana sikuigusa, ni ileile 20,000. La pili, neno "contextualize" halimo kabisa. Msimamizi hakuomba uliandike, aliomba ulitende. Nimesoma tasnifu ambazo mwandishi anatangaza "I will now contextualize this issue", halafu aya inayofuata haina mwaka, haina mahali, haina cha kulinganisha. Ni kama mtu anayepiga hodi halafu haingii.

Na tahadhari moja kabla sijasahau. Nilipoandika "after", sikusema "because of". Kuweka mambo kando kwa kando si kudai kwamba hili ndilo lililozaa lile. Ukitaka kudai sababu, hiyo ni kazi nyingine, ina ushahidi wake, na msimamizi atakuja na wino wake.

Kuna njia ninayoitumia mwenyewe ninapokwama. Naichukua sentensi yangu, namfikiria mtu mmoja mgeni kabisa lakini mwenye akili zake timamu, kisha namwacha aniulize: kabla yake kulikuwaje? na kwa jirani kulikuwaje wakati huohuo? Mara nyingi maswali mawili hayo yanatosha. Chukua sensa. "Tanzania had 61.7 million people in 2022" ni kweli tupu. Ukimjibu mgeni swali la kwanza, utaleta milioni 44.9 za mwaka 2012, na ukitaka kwenda mbali, milioni 12.3 za mwaka 1967. Ukimjibu la pili, utaleta Kenya na milioni zake 47.6 za mwaka 2019. Utachagua kipi? Kinategemea unazungumzia nini. Anayeandika juu ya madarasa yasiyotosha anahitaji 2012, hana shida na Kenya. Ndiyo maana nasema kazi hii ni ya kuchagua zaidi ya kukusanya.

Sasa neno lenyewe limetoka wapi, maana asili yake inasaidia. "Context" ni ya Kilatini, kutoka kitenzi chenye maana ya kusuka pamoja. Bibi yangu wa Pangani alikuwa akisuka ukili wa mikeka, na sijaona mfano mzuri kuliko huo. Ukichomoa mwaa mmoja, mkononi una jani kavu lenye rangi. Ukiurudisha mahali pake ndipo unaona ule wekundu ulikuwa sehemu ya ua. Kitenzi chenye mkia wa "-ize" ni kipya kidogo, cha karne ya ishirini, na wanaisimu ndio waliokishika mapema, hasa J. R. Firth kule London katika miaka ya 1930. Kabla yake kidogo, mwaka 1923, mwanaanthropolojia Bronislaw Malinowski alikuwa ameandika juu ya watu wa visiwa vya Trobriand, huko Papua New Guinea. Alichukua maneno ya wapiga makasia, akayatafsiri moja baada ya moja, yakatoka maneno yasiyoshikika, kwa sababu mtumbwi wao waliuita kwa neno la mti. Mtu wa pwani hawezi kushangaa. Dada yangu akisema jikoni "chombo kimevunjika", utatafuta fagio. Akisema ufukweni, utatafuta watu.

Neno letu "muktadha" lilikuja kwa njia nyingine kabisa. Ni la Kiarabu, na mzizi wake ni uleule uliotupa "kukidhi" na "kadhi". Wanazuoni wa balagha, yaani elimu ya ufasaha wa kusema, walizungumza juu ya maneno kuafikiana na kile ambacho hali inakidai. Kwa hiyo Mzungu anauliza, "hili limesukwa pamoja na nini?", na Mwarabu anauliza, "hali hii inadai nini?" Nimekaa na tofauti hiyo miaka mingi nikidhani ni pambo tu, mpaka nilipogundua kwamba kitenzi cha Kiingereza, kwa jinsi kinavyotumika katika maofisi yetu, kinafanya kazi zote mbili. Ya kwanza ndiyo hiyo ya katani. Ya pili ndiyo iliyonitia aibu.

Nilipewa mwongozo wa mafunzo ya lishe. Shirika silitaji. Ulikuwa umeandikwa mbali, na ndani yake mama anaambiwa ampe mtoto uji wa shayiri na brokoli, na abakishe maziwa kwenye friji. Ukurasa wa kwanza ulikuwa na maagizo kwa wakufunzi: "Facilitators should contextualize the tools before use." Nami kwa kujiamini nikaandika: "Wawezeshaji waweke zana katika muktadha kabla ya kuzitumia." Siku ya mafunzo nilikuwepo. Muuguzi mmoja mtu mzima, kavaa kanga juu ya sare, akanyanyua mkono na karatasi yangu. "Samahani. Hizi zana tunaambiwa tuziweke katika muktadha. Huo muktadha tutagawiwa, au kila mtu anakuja na wake?" Watu wakacheka. Mimi nilikuwa nyuma pale, karibu na chupa za chai, nikajifanya naandika.

Alikuwa na haki. Sentensi ile haikuwa ya kueleza historia ya chochote. Ilisema: yarekebisheni haya yaendane na watu mlio nao. Kiswahili chake kilikuwa hapohapo mdomoni: "Kabla ya kuutumia, urekebisheni mwongozo huu uendane na mazingira yenu." Na ndivyo yule muuguzi alivyofanya bila kusubiri tafsiri yangu. Kalamu mkononi, akakata brokoli akaandika matembele, akakata shayiri akaandika dagaa wa kusaga kwenye uji wa mahindi. Penye friji akaandika: "wapi?"

Kazi hii ya pili imeenea sana katika mashirika, katika shule, na makanisani. Huko makanisani ina historia ndefu: mwaka 1972 Shoki Coe wa Taiwan na wenzake katika mfuko wa elimu ya theolojia ndio walioisambaza nomino "contextualization" kwa maana ya kuifanya theolojia isimame katika maisha ya watu wa mahali. Wakatoliki wa kwetu wana neno linalokaribiana nalo, "utamadunisho", lakini usilichukue tu ukalibandika kila mahali. Mwongozo wa lishe hautamadunishwi.

Basi ukikutana na kitenzi hiki, kabla ya kukitafsiri au kukijibu, tazama kilichokifuata. Kikifuatwa na "findings", "figures", "results", "remarks", "event", ni kazi ya kwanza: leta yanayozunguka. Kikifuatwa na "manual", "tools", "curriculum", "training", "message", mara nyingi ni ya pili: rekebisha. Tazama pia kihusishi. Kazi ya kwanza inapenda "within" au "in": "The study contextualizes the strike within the collapse of sisal prices." Kazi ya pili inapenda "for", na nyuma yake watu: "We contextualized the manual for fishing communities." Sentensi hiyo ya pili mimi naitafsiri "Tuliurekebisha mwongozo uendane na maisha ya wavuvi", wala "muktadha" haumo. Ile ya kwanza naweza kusema "Utafiti unauweka mgomo katika muktadha wa kuporomoka kwa bei ya katani", au kama wasomaji ni watu wa kijijini, "Utafiti unaonyesha kwamba mgomo ulitokea wakati bei ya katani imeporomoka."

Makosa ya sarufi ninayoyasahihisha kila wiki ni machache, na yote yanatokana na jambo moja: kitenzi hiki kinadai yambwa, yaani kile kinachotendwa, na kinaitaka ikae jirani yake. Kwa hiyo "contextualize about the problem" hapana, na "contextualize on the problem" hapana vilevile. Ni "contextualize the problem", basi. Wala hakifuatwi na "that" kama "say" au "explain". Nimeona "The author contextualizes that workers were poor." Mwandishi huyo alitaka "explains" au "notes". Ukitaka kutaja njia iliyotumika, tumia "by" na kitenzi chenye "-ing": "She contextualizes the figures by comparing them with those of 1964."

Kutendwa kinakubali vizuri sana, na waandishi wa historia wanakipenda hivyo. Mfano ninaoupenda mimi: Mwalimu Nyerere alipotafsiri The Merchant of Venice, tamthilia ya Shakespeare yenye mfanyabiashara mmoja katika jina lake, toleo la mwaka 1969 lilitoka likiitwa Mabepari wa Venisi. Mmoja kawa wengi, na mfanyabiashara kawa bepari. Utaandika: "The choice of mabepari should be contextualized within the years just after the Arusha Declaration." Azimio la Arusha, lililotangaza siasa ya ujamaa, ni la 1967. Hujasema kwamba Azimio ndilo lililomwamuru, umeiweka tu miaka miwili hiyo mezani, na msomaji anaiona mwenyewe.

Ndugu zake ni "contextual", "contextually", "contextualization". Kinyume chake, "decontextualize", ndicho kinachofanyika kila siku kwenye simu zetu: kipande cha video cha sekunde tisa, mheshimiwa anasema jambo baya, kumbe alikuwa akimnukuu mwingine ili ampinge. Na "recontextualize" ni kukichukua kitu kutoka mkeka mmoja na kukisuka katika mwingine, nacho kikapata maana mpya.

Herufi: Waingereza wengi huandika "contextualise", Wamarekani "contextualize", ingawa hata Uingereza Oxford University Press hushika "z". Andika utakavyo, ila usichanganye katika kazi moja. Matamshi yanatuponza zaidi. Sisi Waswahili tumezoea kukaza silabi ya pili kutoka mwisho, basi tunalibeba neno zima mpaka mwisho ndipo tunalikaza. Mkazo uko mapema: kan-TEKS-chu-a-laiz. Na unahama, maana "context" peke yake mkazo wake uko mwanzo, KON-tekst.

Liko tumizi moja ambalo silipendi, nami silifichi. Mtu kasema neno la kuudhi, watu wamekasirika, naye anatoka na taarifa: "My remarks must be contextualized." Halafu haleti hali yoyote. Hasemi alikuwa wapi, aliulizwa nini, alijibu nani. Anachotaka ni kusamehewa, na kwa Kiingereza hiyo ina maneno yake, "excuse" na "justify". Kuleta yanayozunguka kunaweza kumsafisha mtu, na kunaweza kumchafua zaidi. Nimetafsiri ushahidi wa mahakamani ambamo barua moja ilionekana ya upole mpaka ikawekwa tarehe yake, siku moja baada ya mwandishi kuuza shamba la wadogo zake.

Na mara nyingi, kusema kweli, hulihitaji neno hili. Katika barua pepe ya kazini "Let me give you some background" inatosha, na "to put this in context" inasomeka vizuri kuliko silabi tano za kubanwa puani. Mimi naliacha kwa ajili ya maandishi ya kitaaluma, na hata huko mara moja au mbili kwa sura nzima.

Nilipomaliza haya nikamtumia kijana. Wiki moja kimya. Kisha Ijumaa picha nyingine, wino mwekundu uleule, safari hii neno ni "Cut." Akaandika: "Shangazi, sasa anasema nimezidisha."

Nikamuuliza, umeanzia wapi? Akanitumia aya. Alikuwa ameanzia mwaka 1893, kwa Mjerumani Richard Hindorf aliyeagiza miche ya katani 1,000 kutoka Florida, ikafika hai 62. Hadithi nzuri, mimi mwenyewe naipenda, na imekaa ukurasa mzima kabla ya kibarua hata mmoja kutokea.

"Baba," nikamwandikia, "utafiti wako ni wa mishahara ya miaka ya tisini. Hiyo miche 62 iache shambani."

Akajibu kwa kidole gumba. Baada ya dakika mbili: "Hata kwenye tanbihi?"

Kwenye tanbihi nikamruhusu.